Rodi ya Panhard ni nini, na uchague ipi pikapu ikihitaji nyingine

Rodi ya Panhard, au traki baa kama Wamarekani wanavyoiita, ni chuma kirefu kilichokingama chini ya gari, mara nyingi kwa mbele. Ncha moja imefungwa kwenye chesisi, nyingine kwenye ekseli, upande wa pili wa gari. Springi za koili hubeba uzito na kuiacha ekseli ipande na kushuka, lakini haziwezi kuizuia isisukumwe kando. Mikono inayotoka chesisi huizuia isiende mbele wala nyuma. Kuizuia isikimbie kushoto au kulia ni kazi ya chuma hiki kimoja na bushi zake mbili, yaani vipande vya mpira vilivyo ndani ya tundu la kila ncha. Jina ni la Panhard, kampuni ya magari ya Ufaransa iliyoanza kuitumia mwanzoni mwa karne ya 20.

Kabla hujateremka Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta spea, hakikisha kwanza kwamba gari lako linayo. Hilux, D-Max, Ranger na Navara za siku hizi hazina ekseli moja ya mbele inayounganisha magurudumu. Kila gurudumu lina mikono yake. Fundi akikwambia rodi ya Panhard ya mbele ya D-Max yako imeisha, mwambie akuonyeshe kwa kidole. Pikapu za zamani zenye springi za mabamba mbele mara nyingi nazo hazikuihitaji, maana mabamba yenyewe huishika ekseli. Inayoihitaji hasa ni pikapu yenye ekseli nzima juu ya springi za koili: Land Cruiser 79, iliyotoka na koili mbele tangu 1999, Nissan Patrol za pikapu, na Land Rover Defender za zamani.

Rodi ikianza kuchoka, dalili hujitokeza kwenye usukani. Ukikata kona gari linachelewa kidogo, kama linafikiria. Ukipanda tuta kwa upande mmoja, sehemu ya mbele inajitupa kando kisha inarudi. Ikizidi, unagonga shimo Mombasa Road ukiwa kwenye kasi, na magurudumu ya mbele yanaanza kutikisika kwa nguvu hadi upunguze mwendo kabisa. Hapo ndipo wengi huuziwa shoki mpya ya usukani. Itanyamazisha mtikisiko kwa muda, lakini ulegevu uko palepale.

Kipimo chake hakina gharama. Acha gari likae chini kwa magurudumu yake, usilipandishe jeki. Mtu mmoja awashe injini na kuzungusha usukani kidogo tu, kushoto na kulia, bila kuacha. Wewe lala chini, mkono ukiwa kwenye ncha ya rodi, mbali na magurudumu. Ncha ya rodi na mabano ya chesisi (kile chuma rodi inapofungiwa) zinapaswa kwenda kama kitu kimoja. Ukihisi ulegevu hata mdogo, angalia unatoka wapi. Kama mpira wa bushi umepasuka au umejitenga na chuma, rodi yenyewe inaweza kuwa nzima: bushi hutolewa na kuingizwa kwa presi, na unakuwa umeokoa pesa nyingi. Kama ni bolti inayocheza ndani ya tundu la mabano, basi hata rodi ya bei ghali haitakusaidia. Tundu lililolika na kuwa la umbo la yai litaendelea kucheza mpaka mabano yatengenezwe na bolti mpya ya kipenyo sahihi iwekwe. Mimi ningeanza na tundu hilo kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote.

Tuseme sasa rodi imepinda au ina ufa, na lazima ununue. Swali la kwanza ni urefu wa gari kutoka chini. Rodi ina urefu usiobadilika, na ncha yake huzunguka kama mlango kwenye bawaba. Kwa hiyo kadiri chesisi inavyoinuliwa juu ya ekseli, rodi husimama zaidi na umbali wa mlalo kati ya ncha zake hupungua. Ekseli huvutwa kuelekea upande ambao rodi imefungwa kwenye chesisi. Chukua mfano wa rodi ya milimita 900 ambayo ncha zake zinapishana kwa urefu wa milimita 50. Ukiinua gari milimita 50, ekseli husogea takriban milimita 4. Ukiinua 100, inafika 11 hivi, na hapo hata macho yataona tairi moja imetoka nje kuliko nyenzake.

Kwa hiyo pikapu iliyobaki na springi za kiwandani ichukue rodi ya kiwandani, ya urefu wake, yenye bushi za mpira. Sioni sababu ya kulipia rodi ya kurekebishwa kwa gari la kubeba saruji kwenda Kitengela. Rodi ya kurekebishwa, ile yenye nyuzi na nati ya kufungia, ni ya gari lililoinuliwa. Tafuta yenye nyuzi za kulia ncha moja na za kushoto ncha nyingine, ili uizungushe ikiwa imefungwa. Vinginevyo kila marekebisho yatataka ufungue bolti.

Bushi za poliyurethini, aina ya plastiki ngumu, hudumu na hukaza usukani, ila hupitisha mtikisiko mwingi zaidi kwenye kabini na nyingine huanza kulia zikikauka grisi. Viungo vya chuma vya mviringo havina ulegevu vikiwa vipya, lakini vumbi la Magadi ni adui yao. Kwa gari la kazi, mpira.

Kuna mtego kwa wanaoagiza nje. Magari yetu yana usukani kulia, na rodi ya Panhard hufuata upande wa boksi ya usukani. Rodi nyingi za gari lenye usukani kushoto zina mikunjo tofauti ya kukwepa difu (lile bonge la gia kwenye ekseli), kwa hiyo hazikai hata kama picha zinafanana. Mpe muuzaji namba ya chesisi, na uende dukani na rodi yako ya zamani mkononi. Ilaze kando ya mpya, tundu kwa tundu, utazame mikunjo na kipenyo cha bushi. Rodi iliyonyooshwa kwa nyundo au kuunganishwa kwa kuchomelewa katikati mwachie mwenye duka. Chuma hiki kinasukumwa na kuvutwa kila kona, na kikikatika barabarani ekseli inahama.

Kitu kingine kinachosahaulika ni rodi inayotoka boksi ya usukani kwenda gurudumuni. Hiyo na rodi ya Panhard zinapaswa kulala sambamba, ili gari linapopanda na kushuka zisogee pamoja. Fundi akishusha mabano ya moja akaiacha nyingine, usukani utajikata wenyewe kila unapopita tuta.

Siku ya kufunga, bolti za bushi za mpira zisikazwe kabisa gari likiwa juu ya jeki. Shusha gari, litikise lijikalie katika urefu wake wa kawaida, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ukikaza magurudumu yakining'inia, mpira unabaki umesokotwa muda wote na utachanika mapema. Halafu pima kutoka chesisi hadi ukingo wa rimu, kushoto na kulia, gari likiwa mahali tambarare. Tofauti ya milimita 8 maana yake ekseli imehama 4, kwa hiyo rodi ya kurekebishwa hubadilishwa urefu kwa kama hizo 4, si 8. Usukani ukibaki umepinda kidogo baada ya hapo, unarekebishwa kwenye rodi ya usukani wakati wa alainimenti. Bolti zote mbili zikaguliwe tena kwa spana baada ya siku chache za kazi.