"Shaba hii, mwanangu": dhana potofu kuhusu medali za ushujaa wa vitani

Nilikuwa nimekaa kwa sonara mmoja jirani na Makoroboi, hapa Mwanza, nikisubiri mkufu wa mama uungwe, alipoingia kijana aliyevuka kutoka upande wa Sengerema, ameshika kitu kwenye kitambaa. Akakifungua mezani. Nyota ya ncha sita, imefubaa, ina taji na maandishi ya Kiingereza.

"Medali ya ushujaa ya babu," akasema. "Alipigana Bama na Keya. Malkia alimvalisha kwa mkono wake. Nipimie hiyo dhahabu, mzee."

Sonara akaikwaruza kidogo kwa nyuma, akacheka kwa upole. "Shaba hii, mwanangu."

Bama ni Burma, na Keya ni lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, KAR. Hapo kijana alikuwa sawa. Mengine yote aliyakosea, na waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakamwongezea ya kwao. Nayaandika kwa sababu nimeyasikia mara nyingi mno, hata kwa watu waliosoma.

Kosa kubwa ni kudhani kila medali inayotoka vitani ni ya ushujaa. Ile nyota ni Nyota ya Burma. Ilitolewa kwa waliotumikia katika vita hivyo kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945, awe mpiga bunduki, mpishi au dereva. Hilo halimshushi babu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya huko, matope hadi magotini, malaria juu ya malaria. Kufika tu mwisho wa bonde lile kulihitaji moyo. Ila medali ya namna hiyo inasema "alikuwepo". Medali ya ushujaa inasema zaidi: mtu huyu, siku hii, mahali hapa, alifanya jambo hili mbele ya adui. Medali ya Vita ya Kagera nayo imo katika kundi la kwanza, la "alikuwepo". Mzee mmoja pale benchini, aliyekuwa kijana mwaka 1979, alidai basi Mwanza nzima ipewe, maana Machi ya mwaka ule ndege ya Libya ilikuja kulipua ghala letu la mafuta, ikakosa shabaha, mabomu yakaua swala kwenye hifadhi ya wanyama. Tulicheka, lakini swala hawakucheka.

Kuhusu Malkia: wakati wa vita vile Uingereza ilikuwa na mfalme, George wa Sita. Babu angevalishwaje na malkia?

Sasa dhahabu. Medali ya ushujaa inayojulikana kuliko zote katika dola lililotutawala, Msalaba wa Victoria, ni shaba tupu. Ilianzishwa tarehe 29 Januari 1856 na Malkia Victoria, yuleyule ambaye miaka miwili baadaye, Agosti 1858, Speke alifika ukingo huu wa kusini akalibandika ziwa letu jina lake, ingawa lilikuwa na wenyewe na jina lake, Nyanza. Kwa hiyo sisi tunaoga kila siku ndani ya jina la ile medali. Waingereza nao wana dhana yao: kwamba shaba yake yote ilitoka kwenye mizinga ya Warusi iliyotekwa Sevastopol. Walioichunguza mizinga yenyewe walikuta ni ya Kichina. Inawezekana Warusi nao waliiteka mahali, au stoo ya jeshi la Kiingereza ilichanganya mizinga yake. Kwa vyovyote, ukiyeyusha msalaba ule hupati hata nauli ya kivuko cha Kamanga. Wanaoununua mnadani kwa mamia ya maelfu ya pauni hawalipii madini. Wanalipia jina la askari lililochongwa nyuma, na tarehe ya tendo lake. Matapeli wanaozunguka wakitafuta "mali ya Mjerumani" hawajui hilo, na heri wasijue.

Fundi saa aliyekaa pembeni akasema kuwa medali hizo zilipatikana huko Ulaya tu, huku kwetu vilikuwa vita vya porini. Si kweli. Henry Ritchie aliupata Msalaba wa Victoria kwa tendo la bandarini Dar es Salaam, tarehe 28 Novemba 1914, akiwa amejeruhiwa mara nane. William Bloomfield aliupata Mlali, Morogoro, Agosti 1916, mwezi mmoja tu baada ya Mwanza kutoka mikononi mwa Wajerumani. Alirudi uwanja wa wazi chini ya risasi kumbeba majeruhi. Frederick Booth, Februari 1917, upande wa Songea, kwa jambo kama hilohilo.

Umeona majina yote ni ya Wazungu. Hapo pakazuka ubishi, kijana akashikilia kwamba askari weusi wa Keya waliupata Msalaba wa Victoria wakanyang'anywa. Hapana. Hakuna askari Mwafrika wa KAR aliyetunukiwa. Ulikwenda kwa Nigel Leakey, sajini Mzungu kutoka Kenya, kwa alichofanya Kolito, Uhabeshi, tarehe 19 Mei 1941: alirukia kifaru cha Waitaliano, akafungua mnara wake, akawapiga risasi waliokuwemo isipokuwa dereva, akamlazimisha dereva akiendeshe mpaka mafichoni. Kisha akaviendea vingine, akafa. Batalioni yake, ya 1/6, ilikuwa ya Tanganyika. Askari waliomzunguka siku ile walikuwa watu wetu, na walipofanya makubwa walipewa nishani za ngazi ya chini yake. Mimi siamini kwamba kwa miaka yote ile hakukuwa na mmoja aliyestahili. Naamini kalamu haikuwa mikononi mwao.

Kalamu ndiyo kila kitu hapa. Watu hudhani jemedari humwona shujaa akipigana, akavua medali mfukoni, akambandika palepale. Utaratibu wa kawaida wa Msalaba wa Victoria ni barua: ofisa anapendekeza, mashahidi watatu wanatia saini, karatasi inapanda ngazi kwa ngazi hadi kwa mtawala. Tendo la Leakey la Mei 1941 lilitangazwa Novemba 1945. Tendo lisilo na shahidi aliye hai halina medali.

Wengine husema sharti ufe. Charles Upham wa New Zealand aliupata mara mbili, akarudi kufuga kondoo, akafariki mwaka 1994 akiwa na miaka 86. Waliowahi kuupata mara mbili ni watatu tu, na wawili waliobaki, Arthur Martin-Leake na Noel Chavasse, walikuwa madaktari. Madaktari! Hawakuhesabiwa maadui waliowaua. Walihesabiwa kwa kutambaa kwenda kuwachukua waliolala uwanjani wakilia. Chavasse alikufa kwa majeraha Agosti 1917. Hili la kudhani ushujaa ni idadi ya maiti ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Fundi saa akauliza kuhusu yule kijana mvuvi aliyewaendea abiria ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, Novemba 2022. Alipewa shilingi milioni moja na nafasi Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Medali ya vitani asingeipata popote, kwa kuwa ziwa si adui kisheria, hata likitumeza. Waingereza waliliona pengo hilo wakaanzisha Msalaba wa George mwaka 1940.

Na saluti? Jenerali kumpigia saluti koplo mwenye msalaba ule ni mila tu, hakuna kanuni inayomlazimisha.

Nikawasimulia jambo moja la karibu zaidi. Novemba 2018, jirani na Beni, Kongo, askari wa Malawi aitwaye Chancy Chitete alimvuta koplo wetu Mtanzania aliyejeruhiwa kumtoa kwenye risasi. Chitete akapigwa, akafa. Mei 2019 Umoja wa Mataifa ulimpa mjane wake medali yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa watu Rwanda mwaka 1994 bila silaha mkononi. Iliwezekana kwa sababu tendo lilionekana, likaandikwa, na yule koplo yu hai.

Kijana alinyamaza, akiigeuza nyota yake. Sonara akamuuliza kama babu aliacha karatasi yoyote, kitabu cha jeshi, barua, chochote chenye namba yake.

"Kulikuwa na sanduku kwa shangazi," akasema. "Lilijaa karatasi. Mchwa wakaingia."