Modemu Haijafa, Angalia Saa ya Kompyuta

Na Mtaalamu wa Dawati la Huduma kwa Wateja, Mwanza

Malalamiko ya modemu za USB, vile vifaa vidogo vya kuchomeka vinavyoleta intaneti kwa laini ya simu, kwenye kompyuta za zamani yameongezeka, hasa kutoka stesheneri za Kirumba, Igoma na Buhongwa. Wengine wanavuka na meli kutoka Ukerewe kutuletea modemu "iliyokufa". Nyingi tunawarudishia vilevile, maana hazina ubaya wowote.

Mzee mmoja alitufikia na kompyuta nzima, ameipakata kwenye bodaboda. Taa ya modemu ilikuwa bluu, imetulia bila kupepesa, yaani imeshaunganishwa. Lakini kila tovuti aliyofungua ilidai si salama. Kwenye kona ya chini, kulia, tarehe ilisomeka 1 Januari 2002. Ndani ya mashine kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, inayotunza saa umeme ukizimwa. Ikichoka, tarehe inarudi nyuma miaka. Tovuti huonyesha cheti cha kidijitali, yaani uthibitisho kuwa ndiyo yenyewe, chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani iko 2002 inakiona cheti hicho hakijaanza kazi, inakikataa. Tulirekebisha tarehe, tukabadilisha betri, basi. Alikuwa ameshanunua bando mara tatu akilaumu mtandao.

Modemu isipounganisha kabisa, kumbuka modemu hizi hupiga simu kama zile za kale za waya, ila zenyewe hupiga *99#. Namba hiyo hukaa kwenye mipangilio ya programu ya modemu. Haipigwi kwa simu ya mkononi, tafadhali. Tunaulizwa hilo kila siku. Ukibadili laini, badili na APN, yaani jina la lango la intaneti la mtandao wako, kwani ya mtandao wa zamani haijifuti yenyewe.

Modemu inayopotea na kurudi huku kompyuta ikilia mara kwa mara, kwa kawaida inakosa umeme wa kutosha. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, na mawimbi yakiwa hafifu modemu hula zaidi. Chomeka tundu la nyuma, achana na waya mrefu wa kuunganishia. Na Mwanza ni mji wa mawe: kama fremu yako imeegemea jabali, jabali huzuia mawimbi, sogeza mashine upande wa mlangoni.

Sasa usajili. Laini ya modemu ni laini kama nyingine, husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Itoe, iweke kwenye simu, piga *106# uone imesajiliwa kwa jina la nani. Laini ya kampuni huhitaji TIN, nyaraka za usajili wa kampuni na alama za vidole za mwakilishi. Kutumia laini isiyosajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na adhabu yake ni faini au kifungo. Kuchezea IMEI, ile namba ya utambulisho wa kifaa iliyochapishwa kwenye kibandiko cha modemu, ni kosa jingine chini ya sheria hiyohiyo. "Fundi ndiye aliyefanya" si utetezi tunaoweza kukuandikia barua.

Ukija kwetu, njoo na modemu, laini na kitambulisho. Kompyuta iache nyumbani, ila tarehe yake uwe umeshaiangalia.