Fundi Usiyemwita: Utapeli wa Msaada Bandia wa Kiufundi

Mkazi wa Tanga ambaye pikipiki yake haiwaki humtafuta fundi mwenyewe, mara nyingi kwa kuelekezwa na jirani, na kazi hufanyika mbele ya macho yake. Hatujapata kusikia fundi akipita nyumba kwa nyumba pale Chumbageni, akigonga milango na kumwambia mwenye nyumba kwamba friji yake, ambayo inagandisha vizuri, itaungua baada ya dakika 5 asipolipa sasa hivi. Jambo hilohilo linapotokea kwenye kompyuta au simu, wengi hulipokea kama la kawaida, na hapo ndipo tapeli hupata nafasi yake.

Tuchukue stesheneri za Ngamiani, ambako kompyuta moja huhudumia watu wengi kwa siku, huyu akichapa barua, yule akijaza maombi ya mkopo wa chuo. Mtumiaji mmoja anabofya tangazo katika tovuti ya kupakua filamu, na ghafla kioo kizima kinajaa onyo jekundu, king'ora kinalia, na maandishi yanamtaka asizime mashine bali apige namba iliyoandikwa hapo. Onyo hilo ni ukurasa wa tovuti tu, uliotanuliwa hadi ukafunika kila kitu, na hauna uwezo wa kukagua kilichomo ndani ya kompyuta. Kampuni ya Microsoft imeeleza kwamba ujumbe wake wa hitilafu hauwekwi namba ya simu. Kwa hiyo, kuwepo kwa namba hiyo peke yake kunatosha kuwa ushahidi wa utapeli. Ukurasa wa namna hii hufungwa kwa kubonyeza Alt na F4 kwa pamoja, na ukigoma, kitufe cha kuwashia hushikiliwa mpaka mashine izime. Itakapowashwa tena, kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kikiuliza kama kirejeshe kurasa za awali, jibu liwe hapana.

Anayepiga namba hiyo hupokewa na mtu mpole, mwenye subira kuliko wahudumu wengi tunaowajua, ambaye humwomba apakue programu ya kudhibiti kompyuta kutoka mbali, kama AnyDesk au TeamViewer. Programu hizi ni halali na mafundi wa kweli huzitumia kila siku. Ubaya uko kwa anayekabidhiwa ufunguo. Akishaingia, hufungua kumbukumbu za matukio za Windows na kuonyesha orodha ndefu ya makosa, ingawa makosa hayo hupatikana hata katika kompyuta isiyo na tatizo lolote. Kinachofuata ni malipo, au ombi la kufungua akaunti ya benki huku yeye akitazama. Kwa mujibu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, katika mwaka 2023 pekee walalamikaji waliripoti kupoteza zaidi ya dola milioni 924 za Marekani kwa utapeli wa aina hii.

Kwetu, hata hivyo, fundi huyo bandia hupitia zaidi kwenye simu ya mkononi. Hujitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, hudai kwamba laini itafungiwa au ina hitilafu, kisha humtaka mteja abonyeze *21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya reli (#). Wengi hudhani hapo hakuna hatari kwa kuwa hawajataja namba ya siri. Kumbe wameelekeza simu zao zote ziingie kwa tapeli, ambaye sasa anaweza kuiomba WhatsApp imsomee namba ya uthibitisho kwa njia ya simu, aiteke akaunti na kuanza kuwakopa ndugu na majirani kwa jina la mwenyewe. Uelekezaji huo huondolewa kwa kubonyeza ##21#, au ##002# kufuta uelekezaji wa aina zote. Anayetaka kujua kama laini yake kweli ina tatizo akate simu, kisha apige mwenyewe 100, namba ya huduma kwa wateja.

Aliyekwisha kumruhusu tapeli aingie kwenye kompyuta aanze kwa kukata intaneti, aiarifu benki yake, kisha abadilishe nywila zake kwa kutumia kifaa kingine, kwa maana nywila mpya ikiandikwa kwenye mashine ileile huenda bado inaonekana. Ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa kuutuma kwenda 15040 pamoja na namba ya aliyeutuma. Wazee, hasa, hunyamaza kwa kuona aibu mbele ya watoto wao, na ukimya huo humpa tapeli siku nzima ya kuhamisha fedha. Kosa hili linashughulikiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hivyo kabla ya kwenda kituo cha polisi, mlalamikaji asifute chochote, na aandike kwenye karatasi namba iliyompigia, saa aliyopigiwa na namba ya kumbukumbu ya kila muamala.