Kusafiri karibu na kasi ya nuru: yanayosemwa barazani na ukweli wake

Mada hii ikitajwa pale Jaws Corner, kijiwe cha kahawa Mji Mkongwe, kahawa inapoa watu wanabishana, na mie naipenda mno, kwaiyo wacha niiweke sawa. Makosa mengi yanatoka sehemu moja tu: mtu anachukua umbali uliopimwa Duniani alafu anaugawa kwa muda wa saa iliyomo ndani ya chombo cha angani, hesabu lazima ipinde.

"Mwaka wa nuru ni muda." Sio, ni umbali ambao nuru inakwenda kwa mwaka mmoja, kama kilomita trilioni 9.5 hivi. Hilo limekwisha.

"Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, iko miaka 4.24 ya nuru, kwaiyo hata ukienda kwa asilimia 99 ya kasi ya nuru utakaa njiani zaidi ya miaka minne." Kwa sie tuliobaki Unguja ni kweli, tutahesabu kama miaka 4.3 mpaka msafiri afike. Ila saa ya msafiri itahesabu miezi 7 na siku chache tu. Hapa ndo wengine wanaruka, ah, miaka 4.24 ya nuru kwa miezi 7, si kashaipita nuru huyo! Hajaipita. Kwake yeye njia yenyewe imefupika, akiipima mwenyewe akiwa safarini anapata kama miaka 0.6 ya nuru, igawe kwa miezi yake 7 na kitu utarudi kwenye asilimia 99 ile ile. Sisi tunasema saa yake imekwenda polepole, yeye anasema njia ilikuwa fupi, na wote tunakubaliana saa yake ilisoma nini alipofika. Mie naona hapa ndo utamu wote wa mada, mtu akishika hili mengine yanajifungua.

"Atajihisi anakwenda polepole." Hahisi chochote. Ukiwa ndani ya boti ya Pemba siku bahari shwari, madirisha yamefunikwa, huwezi kujua inakwenda au imesimama, na chomboni ni hivo hivo madam spidi haibadiliki, moyo unapiga kama kawaida, na ndevu zinaota kama kawaida.

"Hiyo nadharia tu, nani kaona?" Imeonekana zamani. Mwaka 1971 wanasayansi Hafele na Keating walizungusha saa za atomu, zile sahihi mno, duniani kwa ndege za abiria, zikatofautiana na zilizobaki chini kwa kiasi kidogo sana lakini kilichokubaliana na hesabu za Einstein. Na kuna muoni, vijichembe vinavyozaliwa kama kilomita 15 juu angani, umri wao wa wastani ni sehemu 2.2 tu kati ya milioni za sekunde moja, bila ya mambo haya wengi wangekufa baada ya mita 660 hivi. Lakini vinafika chini, vinapita kwenye mapaa ya Mji Mkongwe na kwenye miili yetu saivi hivi. Sisi tunasema vimeishi zaidi, kwa upande wao anga ndo limekuwa jembamba, kitu kile kile cha msafiri wetu.

"Basi tunakaribia kufikia kasi hiyo." Bado sana jamani. Parker Solar Probe, chombo cha NASA cha kuchunguza Jua, Disemba 2024 ilipita karibu na Jua kwa kilomita kama 692,000 kwa saa, hiyo ni asilimia 0.064 tu ya kasi ya nuru. Ingeweza kukaa na spidi hiyo mwaka mzima, saa yake ingechelewa kwa ajili ya spidi kama sekunde 6 na nusu, na kufika Proxima ingetaka miaka 6,600 hivi.