Si mate ya swila: macho ya mbwa wa mrina asali

Mzee mmoja mrina asali wa Sikonge aliniletea mbwa wake kwa baiskeli, kamfunga ndani ya kreti la soda. Macho yote mawili yalikuwa na weupe wenye ubuluu, kama maji yaliyooshea mchele. "Daktari, swila kamtemea," akasema. Alikwisha mtia maji ya tumbaku mara mbili.

Swila akitema, mbwa hujikwaruza uso saa ileile. Huyu alianza na homa, akakonda, tezi za chini ya taya zikavimba, ndipo jicho la kulia likaingia ukungu, kisha la kushoto. Nilipoweka tone la damu yake kwenye hadubini, tripanosoma, vijidudu vya ugonjwa wa nagana, walikuwa wakifurukuta katikati ya chembe nyekundu. Mbung'o huyo, nzi anayewaeneza. Wengi hapa Tabora wanadhani nagana ni ya ng'ombe tu. Mbwa anayeshinda porini kwenye mizinga naye huumwa.

Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, huwa angavu kwa kuwa maji hayaachwi yazidi ndani yake. Safu moja tu ya seli upande wa ndani huyasukuma nje mchana na usiku. Sasa Trypanosoma brucei, aina moja ya vijidudu hivyo, hatosheki na damu: hupenya mishipa, akaingia kwenye tishu, hata kwenye maji yaliyo nyuma ya konea. Ile pete yenye rangi inayozunguka mboni huvimba, mboni husinyaa, mbwa hukimbilia gizani. Seli zile zikizidiwa, maji huingia, konea hunenepa na kufifia kama dirisha lenye mvuke. Mtoto wa jicho ni kitu kingine. Weupe wake hukaa nyuma ya mboni, kwenye lenzi.

Kwa hiyo dawa ya macho peke yake ni kupaka rangi nyumba inayoungua. Atropini huzuia ile pete ya rangi isigandane na lenzi, na matone ya steroidi hutuliza uvimbe kama konea haina kidonda, ila vijidudu lazima viuawe kwanza. Hutumia diminazeni, miligramu 3.5 kwa kilo, na mbwa nampima kwenye mizani. Kumkadiria kwa macho kama ndama ni hatari: dozi ikizidi kidogo huharibu ubongo, akaanza kuyumba. Tena dawa hii haifiki vizuri kwenye ubongo, kwa hiyo ugonjwa unaweza kurudi. Namwangalia tena mara kwa mara.

Jicho la kulia lilitakata baada ya wiki tatu. La kushoto limebaki na kovu, na mzee ananiambia siku hizi wakienda porini hutembea upande huo yeye mwenyewe.