Sharti la jinsia kazini ni nini, na lini linageuka ubaguzi

Tembea Kongowea ama Mwembe Tayari hapa Mombasa uangalie makaratasi yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima: "anatakiwa msichana wa M-Pesa", pembeni yake "anatafutwa kijana wa kiume wa kuosha magari". Tushayazoea hata hatuyaoni tena. Hilo ndilo sharti la jinsia, yaani mwajiri ashaamua kabla hujafungua mdomo kwamba kazi hii ni ya jinsia fulani, wengine wasijisumbue. Tofautisha na kazi ambayo wanaume ndio wengi tu, kama tuktuk, pale hakuna aliyekukataza, ukiwa na leseni unaingia barabarani.

Sasa sheria ya Kenya inasemaje. Katiba ya 2010 ibara ya 27 inakataza ubaguzi wa jinsia, na haikuishia kwa serikali, hata mtu binafsi hana ruhusa kumbagua mwenzake. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 5 ikaja ikarudia hilo kwa waajiri, ikaongeza mimba na hali ya ndoa, na ikasema kesi ikifika kortini mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha hakubagua. Lakini kifungu hichohicho kimeacha dirisha: si ubaguzi kama unachagua mtu kwa sababu ya kitu ambacho kazi yenyewe haifanyiki bila hicho. Na ugomvi wote uko kwa hilo dirisha, manake kila mwajiri anataka kupitia hapo.

Wanaopita kihalali wapo. Sheria ya kesi za jinai, kifungu cha 27, inasema mwanamke akipekuliwa basi apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Kwa hivyo kituo cha polisi kikisema hapa namtaka askari wa kike wa kupekua wanawake, hajaonewa mtu. Wafungwa wanawake vilevile, kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka wasimamiwe na wanawake. Kuosha maiti kwa Waislamu, mwanamke anaoshwa na wanawake (wacha mume na mkewe, hilo lina hukumu yake). Na somo, yaani kungwi wa biharusi, nani hapa Mombasa atakubali mwanamume aingie chumbani kumfunda biharusi? Ukiangalia hizi zote zinahusu mwili wa mtu mwingine na sitara yake, nguvu hazimo hapo hata kidogo.

Lakini ukimuuliza mtu kwa nini kazi fulani ni ya wanaume jibu la kwanza ni nguvu. Haya, twende bandarini. Zamani makuli wa Kilindini walikuwa wakibeba magunia mgongoni, na hata Shirika la Kazi Duniani katika mkataba wake wa 1967 lilisema uzito wa kubebeshwa mwanamke uwe chini sana ya wa mwanamume. Leo kontena linainuliwa na kreni, dereva kaketi juu kwenye kibanda anasukuma vishikio, sasa hapo misuli ya nini? Kazi ishabadilika ila sharti limebaki kwenye vichwa vya watu. Elizabeth Marami akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuwa rubani wa meli, hapahapa Mombasa, na hiyo ni kazi ya kuipandia meli huko majini kwa ngazi ya kamba halafu uiongoze mpaka gatini. Kama shida ni ngazi mpe mtu ngazi apande uone, kama ni gunia la kilo 50 liweke chini, atakayeliinua ndiye wako. Kupima nguvu ni halali, kukisia nguvu kwa kuangalia nguo ndio ubaguzi.

Marekani walifika huko 1977, jimbo la Alabama lilitaka askari jela awe na angalau futi 5 na inchi 2 na ratili 120, wanawake wengi wakawa nje. Mahakama ya Juu ikafuta vipimo hivyo kwa sababu jimbo halikuonyesha vinahusianaje na kazi. Ila kesi hiyohiyo ikakubali wanaume peke yao kwa jela za wanaume zenye ulinzi mkali kabisa, kwa vile zilivyokuwa na fujo. Mimi hapo pili siwaungi mkono sana, jela ikiwa na fujo rekebisha jela.

Kisingizio kingine ni "wateja ndivyo wanavyotaka". Shirika la ndege la Pan Am lilikataa wanaume kuhudumia abiria ati abiria wanapenda wanawake, mahakama ya rufaa 1971 ikalikatalia. Huyu wetu wa M-Pesa ni yuleyule, utaambiwa msichana ana adabu, haibi, anavutia wateja. Kwani kutoa risiti kunataka sketi?

Halafu kuna kile cha "tunawalinda". Urusi ilikuwa na orodha ya kazi 456 za kumkataza mwanamke, kuanzia 2021 zikabaki kama 100 hivi, ndipo wanawake wakaanza tena kuendesha treni za chini ya ardhi Moscow. Marekani kiwanda cha betri kiliwazuia wanawake wanaoweza kuzaa kisa risasi, ile sumu ya betri, mahakama 1991 ikakataa. Na sisi Mombasa tuna Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilidhuru kijiji kizima, baba, mama na watoto, mpaka 2020 korti ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sumu haikuuliza jinsia, unaiondoa sumu, humwondoi mwanamke.

Kwa hivyo ukikutana na tangazo kama lile la nguzo, muulize mwenye tangazo ni kazi gani hasa mle ndani ambayo mimi siwezi kuifanya kwa sababu ya jinsia yangu. Akikosa jibu unaweza kwenda ofisi ya leba ama Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, ila kwanza lipige picha lile tangazo, manake akisikia unalalamika litabanduliwa siku hiyohiyo.