Folda za Skripti za SQL: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Katika ofisi moja mjini Moshi inayotunza kumbukumbu za kahawa ya wakulima, nilimkuta karani anayeogopa kuhamisha skripti zake kwenda folda nyingine, akiamini kwamba akizigusa tu, takwimu za msimu mzima zitavurugika. Hofu hiyo haina msingi. Skripti ya SQL (lugha ya kuamuru kanzidata, yaani hifadhi ya data) ni faili la maandishi matupu lililohifadhiwa kwenye diski, na kanzidata haijui faili hilo linakaa wapi. Hupokea amri pale tu zinapotumwa. Kinachoweza kukatika ni njia ya kufikia faili. Kwenye psql, programu ya kutuma amri kwa kanzidata ya PostgreSQL, amri ya \i, inayoendesha skripti iliyo kwenye faili, hutafuta faili kuanzia mahali psql ilipofunguliwa, ilhali \ir huanzia katika folda ya skripti inayoita, kwa hiyo mwenye tabia ya kupangapanga folda afadhali azoee \ir.

Dhana iliyo hatari zaidi ni kwamba folda iitwayo "Kufuta" inailinda data. Jina humwonya anayelisoma, lakini halimzuii aliyekwisha kubofya. DELETE (amri ya kufuta) isiyo na WHERE (sharti la kuchagua rekodi) hulenga rekodi zote za jedwali, hata ikihifadhiwa katika folda ya majaribio, kwa sababu kinachoamua ni muunganisho na kanzidata uliofunguliwa wakati huo kwenye kihariri, yaani programu unayoendeshea skripti. Nimeona mtu makini kabisa akisahau kwamba bado ameunganishwa na kanzidata halisi. Kinga ya kweli ni ruhusa: karani wa ripoti apewe akaunti yenye haki ya SELECT peke yake, yaani kusoma data tu.

Wapo pia wanaodhani kwamba namba mwanzoni mwa jina hupanga utekelezaji. Hupanga orodha tu, tena kwa mpangilio wa herufi "10_malipo" hutangulia "2_mapokezi", kwa hiyo andika 02 badala ya 2.

Kugawa folda kwa miezi si kosa, ila mimi sipendi mtindo huo, kwani huzaa nakala kumi na mbili za skripti ileile zinazotofautiana tarehe tu. Gawa kwa kazi, yaani mapokezi, malipo na mnada, na tarehe iwe kigezo kinachojazwa wakati wa kuendesha skripti.

Mwisho, Git, programu ya kutunza historia ya mafaili na kuyashiriki na wenzako, hufuatilia mafaili, si folda: folda tupu uliyoiandalia msimu ujao haitamfikia mwenzako aliyeko Arusha mpaka uweke ndani yake angalau faili moja.